Koki ya Mtindo wa Zamani kwa Sinki Jipya la Jikoni: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Mtu anayejenga Rwamgasa leo, akatenga jiko ndani ya nyumba badala ya banda la uani, hufika siku ambayo ukuta umekwisha kupigwa plasta, sinki limeletwa kutoka Katoro au Geita mjini, na kilichosalia ni koki. Kwa kawaida koki hununuliwa mwisho, kwa fedha iliyobaki, na huchaguliwa kwa macho. Dukani koki hupangwa ukutani kwa kung'aa kwake: za kisasa zenye mkono mmoja upande huu, na za mtindo wa zamani, zenye vishikio viwili vya umbo la msalaba na shingo ndefu iliyopinda, upande ule. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtumiaji anayevutiwa na hizi za pili. Neno koki linatumika hapa kwa kifaa ambacho wengi wetu hukiita bomba tu, ili neno bomba libaki kwa mfereji unaoleta maji.

Tutangulize maoni yetu. Kwa nyumba inayopata maji kutoka simtanki lililoinuliwa uani, koki ya mtindo wa zamani ni chaguo zuri, mradi iwe ya zamani kwa ndani pia na si kwa sura peke yake.

Kilicho ndani ya koki

Koki ya kuzungusha, kama tunavyoijua, ilianza kutengenezwa mwaka 1845 na wafua shaba wa mji wa Rotherham, Uingereza, na tangu hapo umbo lake la ndani halijabadilika sana. Ukizungusha kishikio, mhimili wenye hesi hushuka na kukandamiza kipira kidogo cha mviringo, ambacho mafundi hukiita washa, juu ya kiti cha shaba. Kipira kikikaa sawasawa juu ya kiti, maji hukatika. Ukizungusha kinyume, kipira huinuka na njia ya maji huwa wazi. Koki ya mkono mmoja inayochanganya maji ya moto na ya baridi ilikuja karne moja baadaye. Mmarekani Alfred Moen alianza kuiuza mwaka 1947.

Siku hizi koki nyingi zenye sura ya zamani hazina kipira ndani. Zina katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Matundu yakikutana maji hupita, yakiachana maji hukatika. Mnunuzi anaweza kutambua tofauti pale pale kaunta bila kufungua chochote. Azungushe kishikio. Kikitoka kwenye kufunga hadi kufungua kabisa kwa robo ya mzunguko, ndani mna kauri. Kikihitaji kuzungushwa mara mbili au tatu, huku mkono ukihisi hesi inavyopanda, ndani mna kipira.

Kauri si kitu kibaya. Kwenye maji safi yasiyo na mchanga hudumu miaka mingi bila kuvuja, na mtu mwenye vidole vyenye maumivu hufungua koki yake kwa urahisi zaidi. Lakini maji ya kisima yaliyopitia simtanki lisilosafishwa tangu lipandishwe huja na mchanga laini, na chembe chache tu za mchanga hukwaruza uso wa kauri usirudi tena kuwa laini. Hapo ndipo koki huanza kudondosha, na dawa yake ni katriji nyingine yenye kimo, upana na idadi ya meno ileile. Duka lililouza koki huenda halina katriji hiyo, na pengine mtengenezaji amekwisha kubadili umbo. Kipira cha koki ya hesi, kwa upande mwingine, ni kitu cha bei ndogo, ukubwa wake ni wa kawaida, na fundi hukibadilisha kwa spana moja kabla chai haijapoa. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji si kwamba koki inadumu miaka mingapi, maana hakuna muuzaji atakayejibu miwili. Mwulize: "Vipuri vyake unavyo hapa? Naomba unioneshe." Akikuonesha, una jibu. Akikwambia vipo Mwanza, hesabu nauli ya kwenda na kurudi ndani ya bei ya koki.

Inafaa kufahamu gharama ya koki inayodondosha, hasa kwa mwenye kununua maji kwa dumu au kwa boza. Weka kikombe cha robo lita chini ya mdomo wa koki kwa muda wa saa moja. Kikijaa, unapoteza lita 6 kwa siku, sawa na lita 180 kwa mwezi, yaani ndoo tisa za lita ishirini. Zidisha kwa bei ya ndoo pale unapoishi.

Nguvu ya maji ya simtanki

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu dukani koki haina maji. Msukumo wa maji yatokayo simtankini hutegemea kimo tu: mita kumi za kimo hutoa takriban bar 1. Bar ni kipimo cha msukumo, na neno hilo huandikwa hivyo hivyo kwenye maboksi ya koki. Chukua simtanki la lita 1,000 lililowekwa juu ya mnara wa mita tatu. Mdomo wa koki ya jikoni huwa mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Simtanki likijaa, tofauti ya kimo kati ya uso wa maji na mdomo wa koki ni kama mita tatu, yaani bar 0.3. Likikaribia kuisha, tofauti hiyo hushuka chini ya mita mbili, yaani chini ya bar 0.2.

Sasa soma boksi. Koki nyingi za kuchanganya maji zilizobuniwa kwa miji yenye pampu kubwa huandikwa kwamba zinahitaji angalau bar 0.5 au bar 1. Koki ya namna hiyo haina kasoro yoyote, ila nyumbani kwako itatoa uzi mwembamba wa maji, na mama mwenye nyumba atasimama dakika nyingi akisubiri sufuria ya ugali ijae. Koki ya hesi yenye njia pana ya maji huruhusu maji mengi hata kwa msukumo mdogo, na hii ndiyo sababu yetu kubwa ya kuipendekeza. Kama boksi halikuandikwa kiwango chochote cha msukumo, angalia ndani ya shina la koki kwa tochi ya simu: ukiona tundu jembamba kama kalamu, iache.

Mambo mengine matatu huiba msukumo kidogo ulio nao. La kwanza ni mipira ya kuunganishia inayokuja pamoja na koki; kwa nje huonekana minene, lakini njia ya ndani mara nyingi ni nyembamba mno. La pili ni chujio dogo la mdomoni linalochanganya maji na hewa. Kwenye maji yenye mchanga huziba, basi chagua koki ambayo chujio lake hufunguka kwa mkono ili lisuuzwe, au lisilo nalo kabisa. La tatu ni bomba lenyewe. Mwambie fundi alete bomba la robotatu ya inchi kutoka simtankini, alipunguze kuwa nusu inchi karibu na sinki tu. Na ikiwa mnara haujajengwa bado, kila mita unayouongezea hukupa bar 0.1 zaidi, ambayo hakuna koki ya bei yoyote itakayokupa.

Matundu ya sinki na maji ya moto usiyo nayo

Pima sinki kabla ya kwenda dukani, au nenda na picha yake na vipimo vilivyoandikwa. Sinki la chuma kisichoshika kutu huja likiwa na tundu moja, matundu mawili, au halina tundu kabisa. Koki yenye vishikio viwili juu ya shina moja huingia kwenye tundu moja. Koki ya daraja, ile ambayo bomba lake la mlalo huonekana juu ya sinki likiunganisha vishikio viwili, huhitaji matundu mawili yenye umbali maalumu kati yake, na umbali huo hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Sentimeta tatu zikikosekana hakuna fundi atakayezipata.

Ipo pia koki ya ukutani, ambayo katika ukanda wetu tunaiona kuwa ndiyo yenye busara zaidi ijapokuwa haipendwi kwenye picha. Haitegemei tundu la sinki, maji hayatuami kwenye shina lake, na unaweza kuiweka juu kiasi cha kupitisha ndoo. Pima kimo cha ndoo unayotumia kila siku ikiwa imesimama ndani ya sinki, kisha ongeza nafasi ya mkono. Mdomo wa koki uangukie karibu na katikati ya sinki. Ukiwa mfupi, maji yatapiga ukingo wa nyuma na plasta itaanza kububujika kabla ya mwaka kuisha.

Je, nyumba ina maji ya moto ya bomba? Kama haina, na huna mpango wa kuyaweka, koki moja ya maji baridi yatosha, na nusu ya bei inabaki mfukoni. Anayetaka vishikio viwili kwa ajili ya sura, au kwa ajili ya hita ya jua atakayoweka baadaye, asiache upande wa moto ukiwa wazi chini ya sinki. Uzibwe kwa kizibo cha hesi, vinginevyo siku mtoto atakapofungua vishikio vyote maji yatapita upande huo na kumwagika kabatini.

Metali ya koki

Wakazi wa Rwamgasa hawahitaji kufundishwa kupima metali kwa mkono. Anayejua kwamba dhahabu huzama chini ya karai kwa sababu ya uzito wake anaweza kutumia ujuzi huohuo dukani. Koki njema hutengenezwa kwa shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Koki hafifu hutengenezwa kwa mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni zinki, au kwa plastiki iliyopakwa kromu, na zote huonekana sawa kwa nje. Shika mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono. Ya shaba ni nzito kwa dhahiri. Kisha tazama ndani ya hesi za chini, mahali ambapo mpako haukufika: njano ni shaba, kijivu ni zinki. Sumaku husaidia kugundua chuma kilichopakwa, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku. Lakini zinki pia haivutwi, basi sumaku isipokamata usihitimishe kwamba umepata shaba.

Koki zenye rangi ya dhahabu zina soko kubwa kwetu, na sababu haihitaji maelezo. Mnunuzi afahamu kwamba rangi hiyo ni mpako mwembamba. Stiliwaya, majivu na mchanga wa kusugulia sufuria huuondoa, na tindikali za kusafishia choo huuondoa haraka zaidi. Kitambaa laini na maji ya sabuni vinatosha.

Risasi, zebaki na maji ya kwanza ya asubuhi

Shaba ya njano ya koki kwa desturi hutiwa risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Maji yakilala ndani ya koki usiku kucha huweza kuyeyusha sehemu ya risasi hiyo, hasa maji yenye asili ya tindikali. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha muda cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba. Nchini Marekani, tangu mwaka 2014, sehemu za koki zinazoguswa na maji ya kunywa haziruhusiwi kuwa na risasi inayozidi wastani wa asilimia 0.25. Ukiona boksi limeandikwa kwamba koki haina risasi au ina risasi ndogo, na karatasi ya mtengenezaji inathibitisha hivyo, hiyo ni sababu halali ya kulipa zaidi. Koki ikiwa ya aina yoyote ile, maji ya kwanza ya asubuhi yaachwe yatoke kidogo kabla ya kuchota ya kunywa au ya uji wa mtoto. Hayana haja ya kupotea. Yakinge kwenye ndoo ya kufulia au ya bustani.

Koki haisafishi maji. Jambo hili tunalisema kwa sababu sinki jipya humpa mtu hisia kwamba maji nayo ni mapya. Katika baadhi ya visima vya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Viktoria imekutwa aseniki, na kuchemsha, ambako huua vijidudu, hakuondoi aseniki wala risasi. Mwenye kisima chake apeleke sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, ipo Mwanza.

Na kuna zebaki. Rwamgasa ilikuwa eneo la Tanzania katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO kuanzia mwaka 2002 katika nchi sita, na madhara ya metali hii kwa wanaochoma dhahabu na wanaoishi nao yamekwisha kuelezwa mara nyingi. Linalohusu makala haya ni dogo lakini lina uzito: sinki la jikoni lisiwe mahali pa kuoshea karai, kitambaa cha kukamulia wala chombo chochote kilichogusa zebaki, na mwenye kuitumia asinawie hapo mikono. Zebaki ni nzito. Haiendi na maji hadi shimoni, bali hutua kwenye kona ya bomba chini ya sinki, ikakaa humo na kutoa mvuke usioonekana wala kunuka, futi chache kutoka mahali sahani zinapokaushwa. Huishika shaba pia, kama inavyoishika dhahabu, hivyo hata viungo vya shaba huharibika. Anayeshuku kwamba zebaki imekwisha kuingia kwenye kona hiyo asiifungue bila kumweleza fundi kwanza, wala asimwage maji ya moto.

Mpira uliozama ndani ya ndoo

Ni desturi ya wengi kuvalisha kipande cha mpira kwenye mdomo wa koki ili kufikia diaba au pipa lililo chini. Mpira huo ukiachwa umezama ndani ya maji machafu, kisha simtanki likaisha au bomba likapasuka mahali palipo chini zaidi, maji ya diaba huvutwa na kurudi ndani ya bomba. Yanaporudi huduma, yaleyale hutoka kwenye koki, na kama bomba ni la mtaa, hutoka kwa jirani. Kwa sababu hiyo mdomo wa koki unapaswa kuwa juu ya ukingo wa sinki kwa nafasi ya wazi, ili hata sinki likijaa hadi kumwagika mdomo usiguse maji. Shingo ndefu ya koki ya zamani inatimiza sharti hili yenyewe, ilimradi usiirefushe kwa mpira.

Siku ya kufunga, na siku ya kulalamika

Mwambie fundi aweke koki ndogo ya kuzimia chini ya sinki kwa kila bomba. Bila hiyo, kubadilisha kipira cha bei ndogo kutahitaji kufunga maji ya nyumba nzima. Kabla ya kuunganisha koki mpya, maji yaachwe yatoke kwa nguvu kwenye bomba lililo wazi hadi yawe safi, kwa kuwa vumbi la saruji na vipande vya tepu ya hesi ndivyo huharibu koki nyingi katika wiki ya kwanza. Hesi zikazwe kwa spana iliyozungushiwa kitambaa. Koki ya kipira ikifungwa, ikome pale maji yanapokoma. Mkono mzito hukata kipira, na watoto wafundishwe hivyo.

Dai risiti iliyoandikwa jina la bidhaa, na omba maneno ya dhamana yaandikwe nyuma yake pamoja na mhuri wa duka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora au asili ya bidhaa, hivyo koki iliyouzwa kwa maneno "shaba tupu" ikaonekana kijivu kwenye hesi ni suala la kisheria na si bahati mbaya. Rudi kwanza dukani ukiwa na koki, boksi na risiti. Usiposikilizwa, malalamiko kuhusu ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na yanayohusu udanganyifu au bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani. Kama koki ni nzima ila maji hayafiki, au yanafika yakiwa machafu, anza kwa chombo kinachokupa huduma ya maji hapo ulipo. Katika maeneo ya vijijini vyombo vya jamii husimamiwa na RUWASA, na kwa mamlaka za mijini hatua inayofuata ni EWURA. Boksi na kipande cha karatasi chenye namba ya bidhaa vitunzwe ndani ya kabati la sinki hilohilo, pamoja na vipira viwili vya akiba.